Mkimaliza Kulipa, Nani Kabaki na Nini?

Ugomvi wa hela katika nyumba ya kupanga mara chache huanzia kwenye kodi. Kodi ina tarehe, ina mkataba, na ina mwenye nyumba anayeanza kupiga simu wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Wawili watajibana, watailipa. Ugomvi huanzia kwenye LUKU. Saa tatu usiku mita inalia, zimebaki uniti mbili, kila mmoja kashika simu yake na kila mmoja anamsikilizia mwenzake anunue. Anayenunua ananyamaza. Ananyamaza tena gesi inapoisha, na sabuni, na maji ya kunywa, mpaka siku moja analipuka kwa jambo la mkate, na mwenzake anabaki ameshangaa: yaani mkate tu?

Nawaandikia ninyi mnaoishi pamoja na kila mmoja ana anachoingiza, kikubwa au kidogo. Wengi mko kwenye sogea tukae: mmoja alianza kwa kuacha mswaki, zikafuata nguo za wiki, sasa mwaka wa tatu mnaishi kama mke na mume na hakuna siku mliyokaa mkaambiana nani analipa nini. Wengine mmefunga ndoa kabisa, nanyi nitawafikia. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa kuwa bei za huko ndizo ninazozijua. Aliyeko Mwanza au Mombasa atabadilisha tarakimu, hesabu itabaki ileile.

Hesabu yenyewe ni hii. Watu wengi wakitaka kujua kama wanagawana kwa haki hutazama nani ametoa ngapi. Mimi nasema tazameni kila mmoja amebaki na ngapi baada ya kutoa, na baada ya miaka mitatu ana nini cha kuonyesha.

Tuchukue wawili wa mfano. Wamepanga chumba, sebule na jiko maeneo ya Tabata. Mwanamume ameajiriwa kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na kinachofika mkononi mwake ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Mwanamke ana fremu ya saluni, na akishatoa gharama zote za biashara anabaki na wastani wa 600,000. Wameandika mwezi mmoja kwenye daftari bila kupunguza wala kupamba: kodi 250,000, chakula 330,000, umeme 40,000, maji 18,000, gesi na mkaa 42,000, king'amuzi 20,000, taka na ulinzi wa mtaa 10,000, sabuni, dawa ya meno na vidogovidogo 40,000. Jumla 750,000.

Kabla ya daftari hilo waliishi kwa mgawanyo ambao nusu ya mji unaishi nao: mwanamume analipa nyumba, mwanamke anaendesha ndani. Unasikika mzuri, tena wa heshima. Mwanamume anatoa 250,000, na kwa kuwa huilipa kwa mkupuo wa miezi sita, yaani shilingi milioni moja na nusu kwa siku moja, kila mtu anamwona: mwenye nyumba, shemeji, hata yeye mwenyewe anajiona. Mwanamke analipa vyote vilivyobaki, elfu mbili hapa, elfu saba pale, na hakuna anayeona chochote. Lakini jumlisha. Yeye anatoa 500,000. Mwanamume anabaki na 650,000, mwanamke anabaki na 100,000, na bado kwenye kikao cha familia mwanamume ndiye anayesifiwa kwa kubeba nyumba. Sidhani kuna ubaya wa makusudi hapo. Pesa ya mkupuo ina sura, pesa ya kila siku haina, na daftari kazi yake ni kuipa sura.

Wengine, hasa vijana waliosoma, hukimbilia nusu kwa nusu. Kila mmoja 375,000. Mwanamume anabaki na 525,000, mwanamke 225,000. Kwa wenye kipato kinachokaribiana sina neno, endeleeni. Kwa hawa wawili, nusu kwa nusu maana yake mmoja ananunua kiwanja Chanika huku mwingine anakopa nauli ya daladala tarehe ishirini, nao wanalala kitanda kimoja.

Njia ninayoipendelea ni uwiano. Jumla ya kipato chao ni 1,500,000. Mwanamume anaingiza asilimia 60, mwanamke asilimia 40. Basi gharama za nyumba zigawanywe hivyohivyo: mwanamume 450,000, mwanamke 300,000. Kila mmoja ametoa nusu ya alichonacho na kabaki na nusu. Baada ya hapo mnarudi kwenye mazoea yenu ya nani anashika nini, ila sasa mazoea yana kipimo. Mwanamume alipe kodi na umeme, kisha aongeze 160,000 kwenye chakula. Mwanamke atoe 170,000 ya chakula, alipe maji, gesi, king'amuzi, taka na vidogovidogo. Jumlisheni, itatoka 450,000 kwa 300,000 kamili. Hakuna aliyelazimika kubadili tabia sana, isipokuwa mwanamume sasa anaacha hela ya matumizi, jambo ambalo babu yake alilifanya bila kuandikiwa makala.

Sasa, kipato ni kipi? Hapa ndipo wengi wanapotelezea. Mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira usiupigie hesabu. Pigeni hesabu ya kile kinachoingia benki. Chukua watu wawili, wote mshahara wao ni shilingi 1,000,000 kwenye sekta binafsi. NSSF wanakatwa asilimia 10, yaani 100,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya mwaka 2024, inachukua 103,000. Wa kwanza anaondoka na 797,000. Wa pili alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi: 150,000 nyingine. Anaondoka na 647,000. Mkiwatoza sawa kwa kuwa barua zao zinafanana, mmemwonea wa pili kila mwezi mpaka deni liishe.

Kwa mwenye biashara kosa huwa la upande mwingine. Saluni ikiingiza elfu sitini kwa siku, mwenzake anaona elfu sitini. Haoni kodi ya fremu, dawa za nywele, rasta, msusi anayelipwa kwa kichwa, wala leseni. Mauzo si kipato. Mwenye biashara aandike kwa miezi michache kinachobaki, na kama kinayumba, atumie mwezi mbaya kuwa kipimo, siyo mwezi wa Desemba wateja wanapopanga foleni. Ukija mwezi mzuri ataongeza mwenyewe kwa hiari: atanunua mtungi wa pili wa gesi, au atalipa ada ya kozi ya mwenzake. Kumpangia mtu wa biashara kwa kipimo cha mwezi mzuri ni kumwelekeza kwenye mikopo ya kausha damu, na mikopo hiyo huwa inajulikana ndani ya nyumba siku wadai wanapokuja kuchukua televisheni.

Yapo makato mengine yanayotoka kabla ya uwiano, na hayana mjadala: matunzo ya mtoto aliyezaliwa kabla hamjakutana. Mtoto huyo hakusogea akakaa nanyi, lakini anakula. Toeni matunzo yake kwenye kipato cha mzazi wake kwanza, ndipo mfanye asilimia. Mpenzi anayeona wivu kwa hela hiyo anahitaji mazungumzo ya aina nyingine, siyo ya bili.

Vipi mama kijijini? Vipi mdogo wako aliyeko kidato cha tatu? Hapa watu huniuliza nitoe kanuni, nami natoa yangu mkiwa huru kuikataa. Cha kutuma kila mwezi kwa wazazi na wadogo kila mmoja akitoe kwenye fungu lake lililobaki. Ndiyo maana nasisitiza kila mmoja abaki na kitu. Ugonjwa na msiba vitoke kwenye akiba ya pamoja, hata kama ni wa upande mmoja, kwa sababu siku ya msiba mnakwenda wote na mnaitwa wote kwa majina. Michango ya harusi ni hiari ya aliyepewa kadi. Kadi ikiwa imeandikwa "Bwana na Bibi", basi gawaneni, na kama bado ni sogea tukae, mshukuruni aliyeiandika.

Mgeni ni habari nyingine. Mdogo wa mmoja wenu amekuja kutafuta kazi, alisema wiki mbili, sasa ni mwezi wa sita na anakula sahani mbili. Chakula cha 330,000 kilikuwa cha vinywa viwili. Kinywa cha tatu hakiji bure. Mpeni mgeni mwezi mmoja wa ukarimu usiohesabiwa. Ukipita, mwenye mgeni aongeze fungu lake la chakula, na mgeni mwenyewe apangiwe kazi za ndani za kueleweka. Mzungumze ninyi wawili kwanza; mgeni asisikie kupitia ukuta, maana ukuta wa nyumba zetu ni wa tofali moja.

Turudi kwenye chakula kwa sababu hapo kuna mtego usioonekana. Kodi ikishalipwa ya miezi sita imelala, haipandi katikati. Chakula kinapanda. Ramadhani inapofika bei za mihogo, magimbi, tende na nazi zinaruka, mvua zikiharibu barabara nyanya zinaruka, mchele nao una misimu yake. Aliyeshika kodi analala usingizi. Aliyeshika chakula ndiye anayebeba mfumuko wa bei peke yake, na kwa kuwa ameambiwa "chakula ni chako," anaona aibu kusema kimepanda. Anapunguza nyama, anaambiwa siku hizi hupiki vizuri. Kwa hiyo msimpe mtu kitu, mpeni kiwango. Fungu la mwanamke wetu ni 300,000. Chakula kikipanda kwa 50,000, nyongeza hiyo inagawanywa 30,000 kwa 20,000 kama gharama nyingine yoyote.

Kuna sababu ya kugawa bili kwa kufuata mwendo wa hela pia. Anayelipwa mwisho wa mwezi anafaa kodi, maji na king'amuzi, vitu vyenye tarehe. Anayeingiza kila siku, wa bodaboda au wa genge, anafaa mboga, mkaa na uniti za elfu tano. Kumwambia dereva wa bodaboda aweke akiba ya kodi ya miezi sita mfukoni ni kumtafutia lawama. Akitaka kuchangia kodi, amkabidhi mwenzake elfu tatu kila jioni, na kila jioni ziandikwe.

Umeme una mambo yake mawili. La kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayepaswa kuibeba ni mwenye jengo. Mpangaji anaponunua umeme mara ya kwanza katika mwezi inakatwa kwake, na mwenye nyumba ananyamaza. Kwa mwaka ni 18,000. Siyo hela ya kupelekana mahakamani, lakini wekeni ujumbe wa tokeni zote, na siku ya kuhuisha mkataba mwombeni aipunguze kwenye kodi. Wapo wanaokubali.

La pili linaleta ugomvi zaidi: jokofu la biashara. Mwanamke anauza barafu za ubuyu na juisi kwa watoto wa mtaa, jokofu linaunguruma usiku na mchana. TANESCO ina bei nafuu kwa nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Watumiaji wa kawaida wanaozidi hapo hulipa 292. Jokofu moja la biashara linaweza kuitoa nyumba kwenye kundi la kwanza ikaingia la pili, na bili nzima ikabadilika, pamoja na taa ya chooni. Umeme huo ni gharama ya biashara. Mwenye barafu aulipie kutoka kwenye barafu, na faida yake ihesabiwe baada ya hapo. Mwanamume mwenye kompyuta ya kuunganisha video za harusi usiku kucha naye asijisahau.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile kazi ya nyumbani inajifanya yenyewe. Haijifanyi. Kuna mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri kumwandaa mtoto, anayejua kwamba dawa ya minyoo ni mwezi huu, anayefua, anayekumbuka kwamba gari la taka linapita Jumanne. Kama kazi hizo mnagawana, vizuri. Kama zimemlalia mmoja, tazameni mngemlipa dada wa kazi kiasi gani mtaani kwenu, mkihesabu na chakula na malazi yake, kisha mpunguze sehemu ya hela hiyo kwenye fungu la yule anayefanya. Mtaniambia mapenzi hayauzwi. Sawa, lakini dada wa kazi akija mtamlipa, na hiyo hela mtaikuta wapi?

Na ambaye hana kipato kabisa, ameachishwa kazi au analea mtoto mchanga, asilimia yake kwa mwezi huo ni sifuri, bila maelezo. Asigeuzwe mgeni. Mwenye kipato ampe fungu dogo la mkononi kwa tarehe inayojulikana, asiwe wa kuomba elfu mbili ya vocha kama mtoto. Mwekeane tu muda wa kuzungumza tena, tuseme baada ya miezi mitatu.

Nilisema nitawafikia waliofunga ndoa. Kwa Waislamu, matunzo ya mke ni wajibu wa mume hata kama mke anamzidi kipato, na mali ya mke ni yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 63, inamwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe. Mke mwenye uwezo hubebeshwa wajibu kama huo pale mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au akili. Kwa hiyo mke anayechangia anafanya hisani, na hisani inastahili kutajwa kwa jina lake. Kinachonikera ni mume anayedai nusu ya bili kwa hoja ya usawa, kisha anadai apikiwe na afuliwe kwa hoja ya mila. Achague kitabu kimoja.

Sasa lile la miaka mitatu. Tuseme hawa wawili wa Tabata wamekubaliana vizuri kwenye bili, lakini mwanamume akiba yake ananunua kiwanja, kochi na televisheni, na mwanamke akiba yake inakwenda kwenye vyakula vya wageni, zawadi za mawifi na mapazia. Siku wakiachana, mwanamume ana vitu na risiti. Mwanamke alichonunua kililiwa. Hata uwiano mzuri wa asilimia hauwezi kumwokoa. Ndiyo maana kila mmoja anatakiwa ashiriki kwenye vitu vinavyobaki, hata kwa kiasi kidogo, na ushiriki huo uandikwe.

Sheria inasaidia, ila haisaidii mikono mitupu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa hiyohiyo kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa ni mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikitazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Shauri hilo linatajwa kila mahali kama ushindi, na kwa kanuni ni ushindi. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu zaidi: majaji waliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe za kuanzisha mradi, mradi usioonekana, ndizo lilikuwa fungu lake. Tangu hapo Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Kenya nako Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 imeandika wazi kwamba kazi za ndani na malezi ni mchango, na bado Mahakama ya Juu mwaka 2023 ikasema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mtu athibitishe chake.

Ushahidi wa mtu wa kawaida ni nini? Ni daftari lenye tarehe. Ni ujumbe wa M-Pesa ambao hujaufuta, na siyo "nimekutumia" ya mdomo. Ukimtumia mwenzako hela ya tofali, mwandikie palepale: hii ni ya tofali za kiwanja chetu. Mkataba wa kupanga uwe na majina mawili, vinginevyo siku ya ugomvi mwenye nyumba anamtambua mmoja tu na mwingine anakusanya nguo. Kiwanja kikinunuliwa pamoja, hati ya mauziano iandikwe majina mawili mbele ya mashahidi. Kwa wanandoa, kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe tofauti. Iliyo kwa majina mawili inachukuliwa kuwa yao kwa sawa. Mnaoishi bila ndoa mna sababu kubwa zaidi ya kuandika, maana ninyi mtaanza kwa kuthibitisha hata huko kuishi pamoja.

Kuna aibu moja ya kiume inayoharibu hesabu nyingi nzuri: mwanamke anapoingiza zaidi. Mtaani wanamwita mwanamume huyo marioo hata kama anaamka saa kumi kwenda kazini. Nimeona nyumba ambako mwanamke anamkabidhi mwenzake hela ya kodi chumbani, na mwanamume anatoka nayo mpaka barazani kumhesabia mwenye nyumba noti moja moja, mwanamke akiwa jikoni anasonga ugali. Sioni tatizo. Heshima ya barazani ibaki barazani. Cha muhimu daftari la chumbani liseme ukweli, na mwanamume asije akaamini igizo lake mwenyewe.

Mazungumzo haya yafanyike lini? Msisubiri LUKU ikatike. Chagueni Jumamosi baada ya mshahara kutoka, mmeshakula, simu zimelala, watoto na dada hawapo. Kila mmoja aje na makaratasi yake matatu: kinachoingia, makato yasiyokwepeka, na madeni. Madeni yote, pamoja na kikoba na upatu, kwa sababu zamu ya mchezo isiyotajwa ndiyo hutokea kama mzuka tarehe ya kodi. Zungusheni tarakimu kwenye maelfu, kuhesabiana hadi shilingi mia za vitumbua ni kazi ya polisi. Kisha mrudie zoezi kila mkataba wa nyumba unapohuishwa. Ni tarehe ambayo haiwezi kusahaulika, mwenye nyumba atawakumbusha.

Na mwenzako akikataa kutaja anachoingiza? Usimpekue simu. Huenda ana sababu, alitapeliwa na wa kwanza, au anatunza mtoto ambaye hajakwambia, au hela inaishia kwenye mikeka ya mpira na anaona haya. Mwambie waziwazi kwamba bila tarakimu hakuna uwiano, hivyo mpaka mkataba wa nyumba utakapoisha mtakwenda nusu kwa nusu kwa vile vya lazima tu: kodi, chakula, umeme, maji, gesi. Na nyumba yenyewe iwe ya kiwango ambacho nusu yake unaimudu wewe. Kama huimudu ya 250,000, hamieni ya 150,000, naye atajua kama anataka sebule au anataka siri. Katika muda huo akiba yako iwe kwa jina lako, kitu cha kudumu ukinunua risiti iandikwe jina lako, na tofali zako zisiende kwenye kiwanja ambacho hati yake hujawahi kuishika.